Kofia za rimu zinapotea nikiacha gari Malindi: nizigandishe kwa supa gluu?

Swali: Assalaam alaykum. Nina Toyota RAV4 yenye rimu za alumini, nakaa Kiembesamaki. Kazi yangu inanipeleka Dar es Salaam mara kwa mara. Gari naliacha Malindi, pale karibu na bandari ya Unguja, napanda boti, narudi kesho yake au baada ya siku mbili. Mwanzoni mwa mwaka nilirudi nikakuta kofia zote nne za katikati ya rimu zimeng'olewa. Nikanunua nyengine za mtumba. Juzi nimetoka kazini nikakuta moja haipo, ya mbele kushoto. Fundi wangu anataka kuzigandisha zilizobaki kwa supa gluu, jirani yangu ananiambia niache wazi tu, gari litatembea. Nimfuate nani?

Jibu: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. La supa gluu usilikubali. Jirani yako ana sehemu ya ukweli, nitaifikia. Kwanza tutenganishe mambo mawili uliyoyaweka pamoja: kofia nne kuondoka kwa mpigo ni jambo moja, na kofia moja ya mbele kushoto kukosekana ni jambo jengine kabisa.

Anayeiba kofia za rimu kwa biashara huchukua zote. Mnunuzi wake anataka seti inayofanana, na kuzing'oa hakumchukui muda: anaingiza ncha ya bisibisi bapa ukingoni, anabinua, anahamia mpira wa pili. Mtu aliyekwisha kuinama kwenye gari lako hana sababu ya kukuachia tatu, isipokuwa awe ameshtuliwa. Kwa hiyo la mwanzo naliamini kuwa ni wizi. La pili nina shaka nalo.

Washa tochi ya simu, chuchumaa mbele ya mpira ule, ulitazame vizuri tundu la katikati. Bisibisi huacha alama. Utaona mkwaruzo mfupi au rangi iliyobanduka ukingoni mwa tundu, kwa kawaida sehemu moja tu, pale alipobinulia. Ukiyaona hayo, umeibiwa. Ukikuta ndani ya tundu kuna vipande vya plastiki vilivyokatika, hivyo ni vikucha vya kofia yenyewe, vile vinavyoishika kwenye rimu. Kofia hiyo ilikuwa imeshakufa na imeanguka njiani, pengine kwenye tuta. Na ukikuta tundu safi, halina mkwaruzo wala kipande, basi jiulize swali moja: mpira huu umezibwa pancha au umefanyiwa balansi tangu ulipofunga kofia za mtumba?

Nakuuliza hivyo kwa sababu mashine ya balansi hushika mpira kwa mhimili unaopita katikati ya tundu la rimu. Kofia ikiwepo mhimili haupiti, kwa hiyo fundi wa mipira analazimika kuitoa. Anaisukuma kwa nyuma, inadondoka, anaiweka pembeni juu ya meza au chini kwenye vumbi. Baadaye anairudisha kwa kiganja, pengine ikiwa na mchanga kwenye vikucha, au haikuingia hadi ikalia "tak". Inashika nusu. Unatoka pale, unapita matuta mawili matatu ya barabara ya Uwanja wa Ndege, imeshakwenda. Wateja wengi wanaoniambia wameibiwa kofia moja nikiwauliza hivi hukumbuka kuwa siku chache nyuma walikuwa kwa fundi wa mipira. Ukitoka gereji, izungukie mipira yote minne, bonyeza kila kofia kwa kidole gumba, jaribu kuizungusha. Ikicheza, mwambie fundi palepale, wala usione haya.

Kuna na sababu yetu ya visiwani. Nyuma ya kofia nyingi za kiwandani kuna pete ya waya wa chuma inayosukuma vikucha vitanuke. Waya huo ndio nguvu yote ya kofia. Hewa yetu ya chumvi huula taratibu, na mwenye kupita na gari ufukweni, Nungwi au Paje, akarudi bila ya kuliosha na maji baridi yasiyo na chumvi, ndiye anayeumaliza haraka. Kofia za mtumba ulizonunua zigeuze uangalie: pete ikiwa ina kutu nyekundu au imekatika pahala, kofia hiyo haikai hata mwizi akiwa amelala.

Sasa tuje kwenye wizi wenyewe, ambao kwa pale Malindi ni jambo la kweli. Gari linaachwa wazi usiku kucha, watu wanaingia na kutoka bandarini saa zote, na mtu aliyeinama kwenye mpira wa gari hamshangazi yeyote. Kila mmoja atadhani anaangalia upepo. Mwizi wa kofia anahitaji vitu vitatu: sekunde chache, ukimya, na mtu wa kumuuzia. Huwezi kuifanya kofia ya plastiki isiibike kabisa. Unachoweza ni kumharibia kimoja katika hivyo vitatu, na ukiweza viwili, atahamia kwengine.

Fundi wako yuko sahihi kutaka kuigandisha ili imchukulie muda. Gundi ndiyo aliyoikosea. Supa gluu ikikauka inakuwa ngumu na yenye kukatika, na gundi za kawaida za aina hiyo huanza kulegea joto likifika karibu nyuzi 80. Katikati ya mpira wa mbele panapokea joto la diski ya breki, na mwenye kushuka vilima vya Pemba, barabara ya Chake kwenda Wete kwa mfano, hufunga breki mara nyingi zaidi kuliko sisi wa Mjini. Ikilegea, utakuwa hujazuia kitu. Isipolegea, ndipo balaa: fundi wa mipira atakapotaka kufanya balansi ataipasua kofia, au atakwangua rimu. Halafu mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi, na ukungu ule hautoki kwa kufuta.

Kinachofaa ni silikoni, na si kila silikoni. Ile ya madirisha na vyoo inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka, na asidi hiyo inachokoza chuma na alumini, jambo ambalo chumvi ya hapa inalifanya vya kutosha. Nunua silikoni ya injini, ile ambayo mafundi wanaitumia badala ya gasketi, na usome kwenye bomba: iandikwe kuwa haileti kutu au ni salama kwa sensa za injini ("sensor safe"). Hiyo inavumilia joto la zaidi ya nyuzi 200, inabaki laini kama mpira, na siku ukihitaji inatoka.

Kazi yenyewe ifanye hivi, na uifanye jioni ambayo gari halitoki tena. Vua mpira kwa jeki na spana, usifanye kwa upande wa nje tu mpira ukiwa bado umefungwa. Sukuma kofia kwa nyuma itoke. Piga brashi ya waya ukingo wa ndani wa tundu mpaka vumbi jeupe la alumini limalizike, kisha pangusa kwa kitambaa chenye spiriti, rimu na mgongo wa kofia vyote viwili. Silikoni haishiki pahala penye grisi au chumvi. Tia matone matatu kwenye ukingo wa kofia, kila tone kiasi cha punje ya choroko, katikati ya vikucha na si juu yake. Ukivipaka vikucha vyenyewe vitashindwa kutanuka na kofia itakaa upande. Usizungushe duara zima, acha nafasi ili maji yanayoingia yapate pa kutokea. Bonyeza mpaka isikike ikiingia, iache mpaka kesho saa kama hizo. Silikoni hukauka juu kwa dakika chache na kumdanganya mtu, lakini ndani inataka karibu saa 24.

Siku ya balansi, mwambie fundi kuwa kofia zina silikoni. Avue mpira, asukume kwa nyuma kwa mpini wa mbao, pole pole, upande huu na ule. Itatoka nzima, na ile silikoni ya zamani inabanduka kwa kucha. Ndiyo maana nasisitiza matone matatu. Ukimimina bomba zima umerudi kwenye tatizo la supa gluu.

Mwizi anaweza kuitoa? Akiwa na nia na muda, ndiyo. Lakini atabinua mara mbili tatu, plastiki itapiga kelele, na uwezekano mkubwa vikucha vitakatika mkononi mwake, na kofia isiyo na vikucha haina mnunuzi.

Usigandishe chochote ikiwa gari ni la fowili ya zamani, linalosukumwa na mipira yote minne, lenye kile kidude cha kuzungusha kwa mkono katikati ya mpira wa mbele, maana siku ya tope utakihitaji. Na yeyote atakayekushauri kutoboa rimu ili utie skrubu, mkatalie kabisa. Rimu ya alumini ikitobolewa pahala ambapo kiwanda hakikutoboa inaweza kuanza ufa kutokea hapo, na ufa wa rimu unaua watu.

Jirani yako sasa. Amesema uache wazi, na kwa gari kama lako ni kweli litatembea. Kofia haishiki mpira. Mpira unashikwa na nati. Lakini tundu likiwa wazi, maji ya mvua, mchanga na chumvi vinakaa juu ya nati ya eksoli na habu. Miezi michache si kitu. Ukiacha masika mbili tatu, siku ya kubadilisha beringi fundi atapigana na nati iliyoshikana na kutu, na rimu ya alumini yenyewe inaweza kugandana na habu ya chuma mpaka ipigwe nyundo ndiyo itoke. Kwa hiyo la kuacha wazi ni la muda. Lichukue ushauri wake kwa siku za safari tu, au uliboreshe kama nitakavyokwambia.

Kwa ratiba yako, mimi nisingehangaika kuzilinda kofia zenye nembo kabisa. Ningezitoa zote zilizobaki, nizioshe, nizifunge kwenye mfuko, niziweke nyumbani hadi siku ya kuuza gari au siku ya harusi. Kwenye rimu ningefunga kofia nyeusi tupu zisizo na nembo, za bei rahisi, kwa silikoni. Anachokitafuta mwizi ni ile nembo. Kofia tupu haimpi pesa, wewe habu yako imefunikwa, na ikipotea hukosi usingizi. Najua wapo wanaoona gari bila ya nembo limepungua hadhi. Hilo ni la mtu na gari lake. Ila anayetaka nembo zionekane kila siku na huku analaza gari Malindi, Darajani au Mnazi Mmoja, ajue kila safari anaziweka rehani.

Kama hutaki kubadilisha, basi zivue kabla ya kupanda boti uzifungie kwenye buti. Zungushia ncha ya bisibisi utepe wa umeme ili usikwaruze, uanzie pale penye kijinafasi kidogo ukingoni. Kofia nyingi zinacho. Lakini hapo usitie silikoni. Chagua moja: kugandisha au kuvua. Na kuvuavua mara kwa mara kunachosha vikucha, kwa hiyo kwa msafiri kama wewe njia ya kofia tupu naiona bora.

Ukinunua, pima, usikadirie kwa macho. Kofia ina vipimo viwili: upana wa uso wake, na upana wa pale vikucha vinaposhika. Kwa Toyota ndogo vipimo vya uso vinavyokutana sana ni milimita 57 na 62, na tofauti hiyo ya milimita tano huioni mpaka umeshalipa. (Kofia ya BMW ya kawaida ni 68, ya Mercedes ni 75, kwa hiyo wenye magari hayo wasidanganywe kuwa "zote sawa".) Nenda na vernia, kile kipimo chenye taya mbili, au peleka kofia moja nzima uilinganishe mgongo kwa mgongo. Kofia halisi ya Toyota mara nyingi ina namba nyuma inayoanza na 42603. Zile sahani kubwa zinazofunika rimu ya chuma nzima, wilikepu, namba zao huanza na 42602. Ukiwa na namba kamili, hata muuzaji wa Dar anaweza kukutafutia kwa simu. Na unapotoa gari jipya bandarini, hesabu kofia kwa kulinganisha na picha alizokutumia muuzaji wa Japani kabla hujasaini chochote.

Kwa wenye wilikepu, kinga ni nyepesi zaidi: tai mbili za plastiki, zile za mafundi umeme, zipitishwe kwenye matundu ya wilikepu na ya rimu ya chuma, mkia ukatwe. Hakikisha hazigusi breki wala kijiti cha upepo.

Suala la kumkosesha mwizi soko ni la kutia alama. Watu wanapiga chata vioo vya pembeni na taa, kofia wanazisahau. Andika namba ya gari, Z na tarakimu zake, mgongoni mwa kila kofia kwa kuichora na msumari uliopashwa moto, na kama huoni tabu uichore ndogo na mbele pia. Ya mbele inamfukuza mwizi, ya nyuma inakupa ushahidi. Kofia yenye namba ya mtu mwengine muuzaji muangalifu hataigusa, maana kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na namba ile inamnyima nafasi ya kusema hakujua. Upande wetu wanunuzi tuna wajibu pia. Ukiletewa seti mkononi na kijana asiye na duka, bei ya chini mno, usinunue hata kama zinalingana na rimu zako kabisa. Zimetoka kwenye gari la mtu wa hapahapa, kisiwa chetu ni kidogo.

Malindi kwenyewe, tafuta pahala penye taa na penye watu wa barazani wanaokaa usiku, ujitambulishe, usalimie, useme unarudi lini. Mlinzi wa duka au wa ofisi iliyo karibu mpe chochote chake kabla ya safari, si baada. Kuegesha ubavu mmoja karibu na ukuta kunalinda mipira miwili, na mwizi anayetaka nne haoni faida. Kama una jamaa mwenye ua Kikwajuni au Miembeni, gari lilale huko, wewe uchukue teksi hadi bandarini.

Nati za loki, zile zinazotaka ufunguo wake maalumu, hazisaidii kofia za kubana kama zako. Zinalinda rimu nzima, na kwa rimu za alumini nakushauri uwe nazo, moja kila mpira. Angalia nyuzi za nati, yaani unene wa bolti na nafasi kati ya uzi na uzi: Toyota nyingi ni milimita 12 kwa 1.5, Suzuki na Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25, ukilazimisha unaharibu stadi, ile bolti inayopokea nati. Angalia na kikalio chake, pale nati inapokalia rimu, kama ni bapa chenye washa au cha kuchongoka, kifanane na nati ulizonazo. RAV4 yako inakazwa kwa nguvu ya nyutoni-mita 103, si kwa kupanda juu ya spana. Ufunguo usiuache kwenye buti. Ukae na wewe.

Kuhusu zile nne za mwanzo, bima ndogo haigusi wizi wa aina hiyo. Bima kubwa huenda ingegusa, lakini ile sehemu ya hasara unayotakiwa kuibeba mwenyewe pengine imezidi bei ya kofia, kwa hiyo usipoteze siku ukifuatilia. Hata hivyo karipoti kituo cha polisi upate RB, ile namba ya taarifa yako, na umjulishe sheha, kiongozi wa mtaa, wa pale unapoegesha. Siku utakapoziona zako dukani, usizikamate kwa mkono wala usigombane na mwenye duka, ambaye huenda naye kauziwa. Piga picha, nenda kituoni na RB na picha hizo, urudi na askari.